Mitungi ya kuzamia: namna ya kuitunza, kuibeba na kuiweka hapa Dar

Maleleji yakiingia na bahari ikalala, simu yangu haitulii. Mmoja kanunua mtungi kwa mgeni aliyekuwa anahama Masaki. Mwingine kapewa miwili na shemeji yake aliyekuwa kazi za melini. Wa tatu kaanza kazi kwenye boti ya watalii, kaambiwa "wewe utashika mitungi", basi, hakuna maelezo mengine. Maswali ni yale yale. Niuweke umesimama au umelala? Niuache na hewa au niitoe yote? Bajaji inafaa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana nimeandika.

Tuanze na jina. Mtaani tunasema "mtungi wa oksijeni", na hilo jina lina hatari yake. Ndani kuna hewa ya kawaida, hii hii unayovuta hapo ulipo, yenye oksijeni asilimia 21 hivi, iliyochujwa, ikakaushwa, ikashindiliwa. Nang'ang'ania jina kwa sababu niliwahi kumkuta kijana keshaupakia mtungi anaupeleka kwa wauza gesi za viwandani akajaziwe "oksijeni halisi". Oksijeni tupu ukiivuta ukiwa chini zaidi ya mita 6 inaweza kukutia degedege humo humo majini. Tena ikiingia kwa presha kubwa kwenye valvu yenye mabaki ya mafuta, inaweza kuwaka. Kwa hiyo ni mtungi wa hewa.

Mitungi niliyoona ikikataliwa kwa fundi karibu yote iliharibikia nchi kavu: kwenye sakafu ya stoo, nyuma ya pikapu, kwenye jua la uani. Baharini mtungi uko nyumbani kwake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu kuzamia kabisa.

Nadharia kidogo tu, halafu tuachane nayo. Mtungi wa alumini ulioenea zaidi una ujazo wa lita 11 hivi, unabeba hewa kwa presha ya bar 207 (psi 3000), na ukiwa mtupu una kilo 14 na ushei. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu, yaani huo mtungi una karibu mara mia. Nishati iliyomo, ikitoka kwa mpigo, inatosha kunyanyua gari la tani moja mpaka juu ya jengo la ghorofa zaidi ya kumi. Jambo la pili ni joto: mtungi uliojaa huongezeka presha karibu bar 0.7 kwa kila nyuzi moja. Uliojazwa bar 207 kwenye nyuzi 25 ukafungiwa ndani ya gari juani mpaka ukafika nyuzi 60, unakaribia bar 230. Kwa mtungi mzima hilo peke yake halipasui kitu. Kwa mtungi ambao tayari una kutu au ufa, sitaki kuwa jirani yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Huhitaji duka zima. Tafuta mnyororo mwembamba au mkanda imara wa kufungia mzigo, kipande cha mbao au godoro la mpira la kusimamishia, kofia za kufunika mdomo wa valvu, tochi, mswaki wa zamani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kalamu ya wino usiofutika, utepe wa karatasi na daftari. Geji ya kupimia presha, hata ile iliyo kwenye regyuleta yako, yaani kile kifaa kinachofungwa kwenye valvu ili uvute hewa. Oringi za akiba, yaani zile pete za mpira za kuzibia hewa isivuje: kwa valvu ya kubana, ile ambayo regyuleta inaikumbatia na kukazwa kwa skrubu nyuma, saizi ni 014, na ununue za ugumu wa 90. Oringi za mabomba ya maji za dukani zinafanana nazo, lakini ni laini mno, presha inazitafuna.

Kitu kimoja usiwe nacho karibu: mafuta. Grisi ya gari, mafuta ya cherehani, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati, vyote mbali. Kwenye oringi hupakwa grisi ya silikoni, kiasi cha kung'arisha tu.

Hatua kwa hatua

1. Soma maandishi ya begani kabla ya kulipa pesa. Pale juu, karibu na shingo, kuna herufi na namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Rangi na stika hazihesabiki. Ukiona 3AL3000, hiyo ni alumini ya kanuni za Marekani, presha ya kazi psi 3000. Mtungi wa Ulaya utaonyesha presha ya kazi, mara nyingi bar 200 au 232, na pembeni presha ya majaribio iliyo kubwa zaidi, kwa mfano 348. Wanaoanza hukosea hapa: wanaona 348 wanafurahi kwamba "mtungi wangu unachukua 348". Hiyo ni presha ya maabara. Kujaza kwako kunaishia kwenye ile namba ndogo.

Kisha tafuta tarehe, mwezi na mwaka wa jaribio la mwisho la maji. Jaribio hilo hufanywa kila miaka 5: mtungi unajazwa maji, unasukumwa mpaka presha ya majaribio, na wanapima umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Maji yanatumika kwa sababu hayashindiliki kama hewa, ukipasuka unachuruzika tu. Mbali na hilo kuna ukaguzi wa ndani kwa macho. Marekani hufanya kila mwaka, Uingereza kila miaka miwili na nusu. Kwa chumvi na unyevu wa Dar mimi nafuata mwaka mmoja, na sibishani na mtu.

Onyo kwa wanunuzi wa mitumba: mitungi mingi ya alumini iliyotengenezwa mpaka mwaka 1988 ilitumia alumini aina ya 6351, ambayo imejulikana kupata nyufa shingoni. Vituo vingi haviijazi. Ukitajiwa bei ya kutupwa, angalia mwaka kwanza.

2. Uvue nguo. Yaani toa neti, toa kishikio, na toa lile buti la plastiki la chini. Hapa ndipo wengi hawagusi, na hapa ndipo mtungi unapoanza kuoza. Nilipovua buti la mtungi mmoja uliokaa stoo miaka miwili, halikutoka kwa mkono. Nililoweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa. Lilipong'oka likamwaga unga mweupe kama sembe, na chini yake kulikuwa na mduara wa vishimo vinavyoingia ncha ya kalamu, kuzunguka kitako chote. Kutoka nje mtungi ule ulikuwa unang'aa. Chumvi ilikuwa imekaa katikati ya plastiki na alumini, ikiloa kila masika, ikila polepole.

Pitisha kiganja mwili mzima. Unatafuta mkwaruzo mrefu wenye kina, kibonyeo, uvimbe, rangi iliyobabuka kama iliyoungua, alama ya kuchomelea. Mtungi uliopita kwenye moto haujazwi tena, hata ukiwa mzuri kwa macho. Alumini ikipashwa joto kali inapoteza nguvu bila kukuonyesha chochote. Kwa sababu hiyo hiyo usiupeleke kwa fundi wa rangi za magari akauoke kwenye tanuri, wala kwa fundi wa kuchomelea akakusagie kutu kwa grainda. Ataifanya kazi vizuri sana na atakuua vizuri sana.

3. Chagua mahali pa kuuweka. Baridi kiasi, kavu, hewa inapita, jua halifiki. Chumba cha bati bila dari hakifai. Saa nane mchana mwezi wa pili mle ndani ni tanuri. Usiuweke pamoja na petroli ya mashine ya boti, mkaa, mtungi wa gesi ya kupikia, wala ndoo za klorini ya bwawa la kuogelea. Mvuke wa klorini unakula metali taratibu, utashangaa valvu imegeuka kijani.

Sakafu ya zege inanyonya na kutoa unyevu, hasa nyumba za karibu na pwani. Weka mbao chini. Simamisha mtungi, upitishie mnyororo kwenye theluthi ya juu, uufunge ukutani. Kwa nini usimame? Kama kuna tone la maji ndani, litatulia kitakoni, sehemu ambayo metali ni nene. Ukiulaza miezi sita, tone lile linalala kwenye ubavu, ambao ni mwembamba, na kutu inaanza pale pale.

Usichanganye na hili: mtungi usiofungwa na usio na mtu karibu UNALAZWA. Kwenye gati, uani, kwenye boti kabla ya kuufunga, laza chini na uuzibie usibingirike. Mtungi uliosimama peke yake unasubiri mtoto, mbwa au wimbi.

4. Ubebe sawasawa. Kwa mtungi uliojaa hesabu kilo 17, kwa sababu hewa nayo ina uzito, kilo mbili na nusu na zaidi. Piga magoti, mgongo wima, kamata shingo ya valvu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, au tumia kishikio. Usiubebe kwa kukamata kitasa cha kufungulia. Usiuburuze. Kuuviringisha kwa kitako, ule mtindo wa wauza mitungi ya gesi, unaweza kwa hatua mbili tatu kwenye sakafu laini, lakini kwenye kokoto unauchimba. Na viatu: usishike mitungi ukiwa na kandambili. Nina kucha moja ya dole gumba inayonikumbusha.

5. Usafirishe umelala na umefungwa. Sasa tuje kwenye bajaji.

Mtungi wangu wa kwanza niliuleta kutoka Kigamboni kwa bajaji, nimeusimamisha katikati ya magoti kama mtoto. Tulipotoka kwenye pantoni, pale bajaji inapopanda kutoka majini, ukaniinamia, nikaukumbatia. Kwenye tuta la kwanza kitasa cha valvu kikajisugua kwenye ukingo wa kiti, kikajifungua chenyewe. Hujawahi kusikia kelele ya namna ile. Ni kama breki za treni ndani ya sufuria. Dereva hakusubiri maelezo. Alizima, akaruka, akasimama ng'ambo ya barabara na mikono kichwani. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kitu kinachotaka kuzunguka, natafuta kitasa kwa vidole. Nilikifunga. Dereva alirudi baada ya dakika kumi na akataka nauli mara mbili, na nililipa.

Kwa hiyo: pikapu, kirikuu au gari la kawaida. Mtungi ulale kukingama upana wa gari, uzibiwe kwa mbao au mifuko ya mchanga pande zote, ufungwe kwa mkanda. Valvu isigonge chuma. Vioo viwe wazi kidogo, kwa sababu ukianza kuvuja ndani ya gari lililofungwa kelele peke yake itakutoa barabarani. Usiuache ndani ya gari juani "mara moja tu" ukaingia kula. Bodaboda, hapana kabisa. Kama ni bajaji na hakuna njia nyingine, ulaze kwenye sakafu ya nyuma umefungwa, na upande peke yako.

Kwa ndege za kwenda Mafia au kwingine, mtungi wenye presha usitegemee kupakiwa. Waulize kabla ya siku ya safari na utarajie kudaiwa uwe mtupu, valvu wazi ionekane.

Tena, ukikutwa ufukweni na mitungi nyuma ya gari usiku, tegemea maswali. Kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua kwa mitungi ya kuzamia, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari tangu 1975. Kadi yako ya uzamiaji na karatasi za mtungi zikae garini, utaokoa saa nzima.

6. Ujaze mahali panapojulikana. Wale jamaa wa upepo wa matairi wana kompresa ya bar 10 hivi, tena yenye mafuta. Huko usipeleke hata kwa mzaha. Ukifika kituo cha kujazia, tumia pua na macho. Bomba linalovuta hewa liko wapi? Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, moshi wake unaenda upande gani? Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na ukiivuta kwa presha ya chini ya bahari madhara yake huongezeka. Kituo ambacho jenereta inaunguruma mita mbili kutoka kwenye mdomo wa kompresa, geuza gari urudi. Nimewahi kurudi, na mwenye kituo alininunia mwaka mzima.

Mtungi ujazwe polepole. Bar 20 hadi 40 kwa dakika inatosha. Ukijazwa haraka unapata moto, geji inasoma 207, unafika Msasani umepoa unakuta 180. Hapo usilalamike kuibiwa. Ni joto limeondoka. Na usimbembeleze mjazaji "aongeze kidogo ili ukipoa ukae sawa" kupita namba iliyogongwa begani.

Ukishajazwa, bandika utepe juu ya mdomo wa valvu, andika presha na tarehe. Wengi kwenye vituo tunafuata hivi: wenye utepe au kofia umejaa, ulio wazi umetumika. Mitungi ya naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, iwe na stika yake ya kijani na njano na ikae upande wake. Haifungwi mgongoni mwa mtu mpaka mtu huyo mwenyewe ameipima.

7. Fungua valvu kwa adabu. Kabla ya kufunga regyuleta, elekeza mdomo wa valvu mbali na watu, fungua kwa sekunde moja, *fshh*, funga. Hiyo inapuliza nje maji na mchanga uliojificha mdomoni. Ukiruka hatua hii, tone la maji ya chumvi linasukumwa ndani ya regyuleta kwa bar 200, na bili ya fundi utaiona.

Angalia oringi: ipo, haijakatika, haina nywele wala mchanga. Funga regyuleta kwa vidole, geuza geji itazame chini au mbali na uso wako, kisha fungua polepole kinyume cha saa mpaka mwisho. Ile desturi ya zamani ya kufungua yote halafu kurudisha robo iachwe. Watu wamejichanganya wakashuka na valvu iliyofungwa ikabaki robo wazi: juu inavutika, kwenye mita 20 hewa inakuwa nzito kama unanyonya uji kwa mrija. Ni wazi kabisa au imefungwa kabisa.

Kufunga pia ni kwa vidole. Ndani kuna kiti laini cha plastiki. Ukikaza kama nati ya gurudumu unakikata, na kuanzia siku hiyo itavuja na wewe utaendelea kukaza.

8. Ukitoka majini. Panda na bar 50 zimebaki. Sababu ya kwanza ni usalama wako, ya pili ni ya mtungi: ukiumaliza mpaka sifuri, maji ya bahari yanaweza kupenya kupitia regyuleta yakaingia ndani, na chumvi ndani ya mtungi haina huruma. Kwenye boti, ufunge kwenye raki kabla hata ya kuvua miwani.

Nyumbani, osha kwa maji baridi. Hapa nawaambia sana watu wa Kigamboni na Masaki: visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Unaosha mtungi kwa chumvi ili kutoa chumvi. Onja maji kwanza. Kama yana ladha, tumia ya DAWASA au ya mvua. Sugua kuzunguka kitasa na chini ya valvu kwa mswaki, fungua na kufunga kitasa mara mbili tatu chini ya maji yanayotiririka huku mtungi ukiwa na presha na mdomo ukielekea chini. Vua buti, suuza, kausha, rudisha. Mara moja kwa wiki inatosha kama unazamia kila siku, lakini kabla ya kuuweka muda mrefu ni lazima.

9. Kuuweka muda mrefu. Ukiwa unaupumzisha kwa miezi, punguza mpaka bar 10 hadi 20. Usiuache mtupu na valvu wazi, hewa yenye unyevu ya Dar itaingia na kutoka kila joto likibadilika, kama mapafu. Usiuache nusu pia. Ikitokea moto, mtungi wa alumini uliojaa una nafasi ya kufika presha ya kupasua kile kisahani cha usalama kwenye valvu, hewa ikatoka. Ulio nusu unaweza kulainika na kupasuka kabla kisahani hakijafikia kiwango chake.

Mtungi wa chuma una jambo la ziada ambalo wengi hawajui. Kutu inakula oksijeni. Mtungi wa chuma wenye unyevu ndani, ukakaa miaka umejaa, hewa yake inaweza kupungua oksijeni kiasi cha kukuzimisha kwa pumzi chache, na haina harufu yoyote ya kukuonya. Hewa ya zamani usiivute. Toa yote taratibu, upeleke ukaguliwe ndani, ujazwe upya.

10. Kutoa hewa. Fungua kidogo tu, mtungi umefungwa au umelala, masikio yamezibwa, nje ya nyumba. Ukifungua kwa kasi valvu inaganda na unyevu unatengenezeka ndani, kitu kile kile unachokikimbia. Nusu saa na zaidi ni kawaida. Kimya kikiingia usihitimishe kwamba mtungi ni mtupu. Mrija wa ndani unaweza kuwa umeziba kwa kutu. Kung'oa valvu ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Na sio kung'oa tu: shingo zina nyuzi za kukazia valvu za aina mbili zinazofanana, M25 na robo tatu ya inchi. Valvu ya M25 inaingia kwenye shingo ya robo tatu, inashika, unaridhika, halafu inafyatuka wakati wa kujaza. Watu wamekufa hivyo. Valvu mpya isifungwe bila kusoma maandishi ya valvu na ya shingo.

Ukikwama

*Regyuleta inavuja pale inapokutana na valvu.* Tisa kwa kumi ni oringi. Funga valvu, toa presha kwa kubonyeza kitufe cha regyuleta, badilisha. Usikaze zaidi.

*Presha inashuka stooni na sisikii kitu.* Koroga sabuni ya vyombo na maji, paka kwa mswaki kwenye mdomo, kitasa na pale valvu inapoingia shingoni. Mapovu kwenye mdomo au kitasa: kiti au oringi ya ndani, peleka kwa fundi. Mapovu yanayotoka kwenye mwili wa mtungi wenyewe au kwenye bega: usiguse kitu zaidi ya valvu, toa hewa polepole, na mtungi huo umestaafu.

*Kitasa hakifunguki.* Usitumie spana wala nyundo. Maji ya uvuguvugu kwa robo saa, mkono tena. Kikigoma, fundi.

*Ukiutikisa kuna kitu kinacheza ndani.* Inaweza kuwa maji, kutu iliyobanduka au kipande cha mrija. Hakuna la kujadili, usizamie nao.

*Hewa ina harufu ya mafuta au ladha ya ajabu.* Usizamie. Wajulishe uliojaziana nao siku hiyo, kwa sababu mtungi wako hauko peke yake, kisha rudi kituoni na utepe wako wenye tarehe.

*Umeanguka.* Kama umetua kwa kitako kwenye mbao, angalia na uendelee. Kama umepiga valvu kwenye zege, funga, tazama kama kitasa kimepinda au mdomo umekuwa yai. Ukiwa na shaka toa hewa. Mmoja aliwahi kuninyooshea kitasa kilichopinda kwa koleo huku mtungi umejaa, akiwa ameubana kati ya mapaja. Nilimwomba anisubiri nivuke barabara kwanza, maana yule dereva wa bajaji alikuwa amenifundisha kitu.

*Namba za begani hazisomeki.* Hakuna atakayekujazia, na ana haki. Usizigonge upya mwenyewe kwa patasi. Mtungi ukishakufa, toa hewa yote, fundi ang'oe valvu, kisha utobolewe au ukatwe kabla ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukiuuza mzima, baada ya miezi miwili utaukuta umepakwa rangi ya bluu, unauzwa kwa mtu atakayenipigia simu.